Mae Jemison hakwenda mwezini, wala hakushika usukani

Picha ya Mae Jemison, mwanaanga wa Marekani, wengi tumeiona: suti ya rangi ya chungwa, tabasamu pana. Chini yake kuna mtu huandika kwamba huyu ndiye Mweusi wa kwanza kufika mwezini. Sentensi moja, makosa mawili.

Mwezini hakufika. Chombo chake, Endeavour, kiliruka tarehe 12 Septemba 1992 kikarudi tarehe 20, na siku zote hizo kilikuwa kikiizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 300 hivi. Ukikilaza kimo hicho chini, hakifiki hata safari ya basi kutoka Nairobi hadi Mombasa. Mwezi uko mbali kwa kilomita 384,000. Wala hakuwa Mweusi wa kwanza angani: Arnaldo Tamayo Méndez wa Cuba alitangulia mwaka 1980, akafuata Mmarekani Guion Bluford mwaka 1983. Jemison ndiye mwanamke Mweusi wa kwanza angani, na sifa hiyo inatosha bila kuongezewa chumvi.

Wengine humwita rubani. Rubani wa safari ile alikuwa Curtis Brown, na kamanda alikuwa Robert Gibson. Jemison alipanda kama mwanasayansi, na kazi yake moja ilikuwa ya vyura. Vyura majike wa jamii inayotoka Afrika walidungwa homoni ili watage, mayai yakarutubishwa humo humo chomboni. Baadhi yaliachwa yaelee bila uzito, mengine yakawekwa kwenye mashine inayozunguka ili yapate mvuto kama wa duniani. Swali lilikuwa dogo, na mimi nalipenda kwa udogo wake: je, kiumbe kinaweza kuanza kujiumba mahali ambapo hakuna juu wala chini? Viluwiluwi walitokea. Na kuhusu urubani, mwanamke Mweusi wa kwanza kushika kazi ya urubani wa chombo cha angani ni Sian Proctor, na hiyo ilikuwa 2021.

Sasa lile la chini chini, linalosemwa kwa kukonyezana: kwamba NASA, shirika la anga la Marekani, ilimchukua kwa ajili ya rangi yake. Mwaka 1987 waombaji walikuwa kama 2,000, wakachaguliwa 15. Jemison aliingia Chuo Kikuu cha Stanford akiwa na miaka 16, akasomea uhandisi wa kemia, kisha akasomea udaktari Cornell na kuhitimu mwaka 1981. Kuanzia 1983 hadi 1985 alikuwa daktari wa Peace Corps, shirika la Marekani la watu wa kujitolea, nchini Sierra Leone na Liberia, akiwa bado hajafika miaka 30.

Kisa kimoja cha huko hakisimuliwi vya kutosha. Aliletewa mfanyakazi wa kujitolea aliyekuwa mgonjwa, na aliyemtangulia kumwona alisema ni malaria. Sisi tunaijua tabia hiyo. Homa ikipanda tu, jina la kwanza ni malaria. Jemison alimtazama mgonjwa akizidi kudhoofika licha ya dawa, akaamua kwamba ni homa ya uti wa mgongo na kwamba hapo haitatibika. Akaagiza ndege ya jeshi yenye vifaa vya hospitali, itoke Ujerumani. Ubalozi wa Marekani ukamuuliza ana mamlaka gani ya kuita ndege ya dola 80,000. Akawajibu, kwa upole, kwamba hahitaji ruhusa ya mtu kwa uamuzi wa kitabibu. Walipotua Ujerumani alikuwa hajalala kwa saa 56. Mgonjwa alipona. Anayesema huyu alibebwa, aanzie hapo.

Na Afrika? Wapo wanaodhani uhusiano wake nasi ni wa ngozi tu. Huko Stanford, pamoja na uhandisi, alisoma pia masomo ya Afrika. Akiwa mwanafunzi wa udaktari alikuja Afrika Mashariki kufanya kazi na madaktari warukao kwa ndege, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha alizojifunza. Alipopanda Endeavour alibeba sanaa ya Afrika Magharibi, pamoja na sanamu ya chama cha wanawake cha Bundu kutoka Sierra Leone.

Kuna na hili la Uhura, ambalo hata Waswahili hulipita bila kugeuka. Alipokuwa mtoto Chicago, Jemison alimtazama kwenye runinga mhusika wa Star Trek, tamthilia ya safari za angani, mwenye jina hilo, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, mwanamke Mweusi aliyekaa kwenye chumba cha uongozi cha chombo cha angani. Watu hudhani ni jina la kubuni tu. Ni uhuru wetu, uliobadilishwa irabu ya mwisho. Miaka ya 1970 NASA ilimtumia Nichols huyo huyo kuwashawishi wanawake na watu Weusi waombe kazi ya uanaanga.

Jemison akiwa angani alikuwa akianza zamu kwa maneno ya Uhura, kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Mwaka 1993, mwaka huo huo alioacha kazi NASA, alicheza kipande kidogo kwenye mfululizo uliofuata wa Star Trek, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliigiza humo mtu ambaye angani alikuwa amefika kweli. Siku ya kurekodi, Nichols alikuja kumtazama.