Mzee anakataa kuoga, basi tumpeleke Ipuli?

Simu iliingia Jumapili mchana. Kijana yuko Dar es Salaam, baba yake ni mstaafu wa reli hapa Tabora. "Shikamoo mama. Mzee wetu ameshachanganyikiwa. Mwezi mzima haogi, ukimgusa anafoka. Tumekaa kikao cha familia kwenye simu, tumeona bora tumpeleke Ipuli. Taratibu zikoje?"

Ipuli ni makazi ya wazee ya serikali hapa Tabora. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii hadi nilipostaafu, na sasa nashauri familia zenye wazee. Hilo la "taratibu zikoje" ndilo naulizwa kuliko yote, na mara nyingi linaulizwa mapema mno. Nikamwambia nitapita Jumanne nimsalimie mzee kwanza.

Nilimkuta Isevya, chini ya mwembe, redio mapajani, vifungo vya shati vimefungwa vyote hadi shingoni. "Mwangaluka, baba." Akaitikia vizuri, akaniuliza nimekuja na bodaboda au kwa miguu, akanitajia siku na mwezi bila kukosea. Nikaomba tupishwe. Tuliongea habari za mvua, za bei ya mpunga, za treni ya zamani. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, macho yake ardhini: "Binti yangu, mimi nivuliwe nguo na mkwe?"

Kumbe ndiyo hiyo. Mtoto anayeishi naye ni dereva wa lori, wiki mbili yuko safari, siku tatu yuko nyumbani. Anayebaki ni mkewe. Tangu mzee apate kiharusi mkono wa kulia hauna nguvu, kopo la maji halinyanyuki. Mkwe alikuwa akichemsha maji kila jioni na kusimama mlangoni na taulo, naye mzee akisikia tu beseni linawekwa chini anaanza kufoka. Hakuna mwenye kosa hapo. Tukamtafuta mjukuu wa kiume wa miaka 19 anayekaa nyumba ya pili, akubali kupita Jumatatu, Jumatano na Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Beseni, kiti cha plastiki, sabuni. Dakika ishirini mzee ameshavaa.

Naanza na kisa hiki kwa sababu familia nyingi huanzia mwisho. Wanauliza mzee akae wapi kabla ya kujua anashindwa nini. Mwaka 1963 daktari Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha kipimo ambacho hadi leo wauguzi wanakitumia dunia nzima, na hakihitaji mashine. Ni mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutoka kitandani hadi kwenye kiti, kuzuia haja, na kula. Kwa kila moja unauliza kama mzee anafanya mwenyewe au anasaidiwa. Katz aliona kwamba kwa kawaida kuoga ndiko huanza kumshinda mtu, kula ndiko hubaki mwisho. Kwa hiyo mzee aliyeacha kuoga hajafika mbali, yuko kwenye ngazi ya kwanza.

Mimi huongeza maswali mawili ya kwetu: msaada unahitajika saa ngapi, na nani anaruhusiwa kuutoa. Hilo la pili vitabu vya Ulaya havina. Mkwe, binti aliyeolewa, dada wa kazi wa miaka 18 kwa babu wa 80: kila mmoja ana mpaka wake, na mzee anaujua mpaka huo hata kama ninyi mmeusahau.

Sasa njia zenyewe za kumtunza mzee. Walioko nje hunitumia picha za Marekani, nyumba za wastaafu zenye bustani, halafu nyumba za kusaidiwa kuvaa na kumeza dawa, halafu nyumba za uuguzi wa saa 24, na nyingine za waliopoteza kumbukumbu. Ni ngazi, unapanda kadiri unavyochoka. Wasichoandika kwenye picha ni kwamba Medicare, bima ya wazee wa huko, hailipi kukaa muda mrefu kwa ajili ya kuogeshwa na kulishwa tu. Familia inalipa hadi fedha ziishe, ndipo mtu aangukie Medicaid ya wasio na uwezo. Kwetu ngazi hizo hizo zipo, ila zote ziko ndani ya nyumba moja, na anayezipanda ni yule binti aliyebaki nyumbani.

Mzee anayeshindwa jambo moja au mawili kati ya yale sita abaki kwake. Narudia: kwake, si kwa mtoto. Nimeona mama akitolewa Kiloleni, kwenye kuku na shoga zake wa kwaya, akapelekwa ghorofa ya tatu Dar. Watoto wanatoka saa kumi na moja alfajiri, wanarudi saa mbili usiku, mama anatazama ukuta. Baada ya miezi minne hata ngazi hazimudu tena. Fedha waliyotumia kumhamisha ingetosha kumtengenezea choo.

Choo ndicho kinachowashinda wengi. Magoti ya miaka 75 hayachuchumai. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono, kile kigumu, si kile cha kupinda. Mpe fundi akate tundu katikati kisha alainishe kingo kwa msasa, maana zikibaki na makali zinachana ngozi. Mchana kinawekwa juu ya tundu la choo, usiku kinasogezwa kando ya kitanda na ndoo chini yake. Weka na taa. Mzee anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga akienda kujisaidia gizani.

Mzee akifika mambo matatu au manne, hapo lazima awepo mtu wa kulipwa au ndugu aliyeacha shughuli zake, na naye alipwe. Hili watu hawapendi kulisikia. Ndugu watano wakichanga kwa M-Pesa na kumwachia wa sita kazi, huyo wa sita naye mkadirieni, mpangieni na wiki ya kupumzika, mwingine aje. Dada wa kazi mliyemwajiri kupika na kufua si mlezi wa mgonjwa. Ukimwongezea mzee bila kumwongezea mshahara wala kumfundisha, ataondoka, na ana haki.

Akishakuwa wa kitandani, hesabuni usiku. Asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, saa kumi na mbili. Kila usiku. Na kwenye ngozi yetu usisubiri wekundu, hauonekani vizuri. Pitisha mgongo wa kiganja kwenye visigino, nyonga na mfupa wa chini ya kiuno, ukihisi joto au ugumu usiokuwepo jana, pahali hapo pasilaliwe. Kwenye kikao cha familia nauliza nani atashika saa nane. Kimya kinachofuata ndicho jibu. Huo ndio wakati halali wa kufikiria kituo, au kuuliza hospitalini kuhusu tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso, kama ugonjwa haurudi nyuma.

Kuna jambo moja halisubiri kikao. Mzee aliyekuwa na akili zake juzi, leo anaongea na watu wasiokuwepo, huyo ni wa hospitali leo leo. Malaria, maambukizi ya mkojo, upungufu wa maji au dawa mpya vinaweza kumbadilisha mzee kwa siku moja, na vingi vinatibika. Kupoteza kumbukumbu kwa miezi na miaka ni habari nyingine. Vyote viwili si uchawi. Inanibidi niandike hivyo kwa sababu kanda yetu hii imeua bibi zake kwa macho mekundu, na macho hayo ni ya miaka hamsini ya moshi wa kuni.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na wasio na uwezo wanatakiwa kutibiwa bila malipo, kwa hiyo kitambulisho chake cha matibabu kifuatilieni mapema, msisubiri alazwe. Kwa kaya maskini, ulizeni mtaani kuhusu TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya kama hizo. Pensheni kwa kila mzee ipo Zanzibar tangu 2016, kwa wa miaka 70 na kuendelea. Bara anayepata pensheni ni aliyechangia mfuko.

Na Ipuli, maana kijana aliuliza. Ni makazi ya serikali, hayalipiwi, na yamewekwa kwa mzee asiye na uwezo wala ndugu wa kumtunza. Sera yenyewe inasema kituo kiwe njia ya mwisho. Unaanzia ofisi ya mtaa au kijiji, wanakupeleka kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, naye anafika nyumbani kuona hali kwa macho yake. Nimeifanya kazi hiyo, najua swali la kwanza kwenye karatasi: ndugu wako wapi?

Mzee wa Isevya ana watoto sita, na wote walikuwepo kwenye kile kikao cha simu.