Sanaa ya utendaji: kazi inayofanywa kwa mwili

Neno "maonyesho" kwa Kiswahili limeshachukuliwa. Ukitaja sanaa za maonyesho, watu wanaona jukwaa, tamthilia, ngoma, vichekesho. Ndiyo maana dhana ninayoieleza hapa huitwa sanaa ya utendaji, ingawa jina lenyewe linanukia ofisi kidogo, kama cheo cha mkurugenzi. Twende nalo hivyohivyo.

Sanaa ya utendaji ni kazi ambayo msanii anaifanya kwa mwili wake, mahali fulani na kwa muda fulani, na kile kitendo ndicho kazi yenyewe. Hakuna mhusika anayeigizwa. Mwigizaji akifa jukwaani, pazia likishuka anaamka na kwenda kula. Mtendaji akisimama juu ya visigino virefu mpaka miguu iwake moto, ni miguu yake inayowaka.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 9 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Cape Town. Siku hiyo winchi iliing'oa sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza aliyezitawala nchi za kusini mwa Afrika, iliyosimikwa mwaka 1934, baada ya mwezi mzima wa vuguvugu la wanafunzi waliotaka iondolewe. Palepale kwenye umati, msanii wa Afrika Kusini Sethembile Msezane alipanda juu ya kijukwaa chembamba, uso ameufunika kwa shanga, mikononi ana mabawa yaliyotengenezwa kwa nywele. Kwa karibu saa nne nzima alikuwa akiyainua mabawa na kuyashusha. Kazi ile aliipa jina la Chapungu, ndege mwenye heshima kubwa Zimbabwe. Ndege wa mawe waliochongwa Great Zimbabwe, mji wa kale wa mawe, walichukuliwa enzi za ukoloni, na mmoja aliishia nyumbani kwa Rhodes huko huko Cape Town. Kwa hiyo bwana mkubwa anaondoka akining'inia, na ndege amekuja kumsindikiza. Mwaka 2017 Msezane aliisimulia siku hiyo mjini Arusha, katika mkutano wa mihadhara wa TED.

Wengi wetu hatukuwepo. Tumeijua kazi ile kwa picha, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Kibandiko ukutani kinasema "picha" au "video", nawe unadhani ni kazi ya mpiga picha, kumbe unachokitazama ni kitendo kilichokwisha kitambo. Mara nyingine kamera ni shahidi tu, kama siku ya Rhodes. Mara nyingine kitendo kimepangwa kwa ajili ya kamera tangu mwanzo, na bila hiyo kisingekuwepo.

Aina hii ya pili ameifanya vizuri sana Berni Searle, naye wa Afrika Kusini. Katika "Colour Me", picha za mwaka 1998, alilala uchi akamwagiwa viungo vya jikoni vilivyosagwa, mwili ukafunikwa na vumbi jekundu, la njano, la kahawia, jeupe. Katika "Snow White", video ya mwaka 2001, amepiga magoti gizani na unga unamdondokea kutoka juu, taratibu, kichwani, mabegani, mapajani. Kisha maji. Kisha anaukusanya ule unga uliomgeuza mweupe na kuanza kuukanda, kwa mikono ya mtu aliyezoea kukanda. Hasemi neno.

Kwa nini mwili, na kwa nini Afrika Kusini? Kwa sababu pale mwili ulikuwa hati ya serikali. Sheria ya ubaguzi ya mwaka 1950 ilimwandikisha kila mtu kwa rangi, na penye utata maafisa waliweza kuchomeka penseli kwenye nywele zako waone kama itadondoka. Watu wa familia moja walipangwa makundi tofauti. Searle mwenyewe anatoka kwenye jamii iliyowekwa kwenye fungu la "machotara". Mtu aliyekulia humo akijipaka rangi mbele ya kamera, anaijibu sheria.

Si kila kazi inanikalia sawa. Steven Cohen, Mzungu wa Johannesburg, alivaa taa ya vito ya kuning'inia darini kama sketi, akapita kwa viatu virefu mno kwenye makazi ya vibanda ya Newtown, jijini humo, wakati wafanyakazi wa manispaa wakiyabomoa. Video yake, "Chandelier", haisahauliki. Lakini kila nikiifikiria najiuliza kuhusu wale waliokuwa wakivunjiwa nyumba: wao hawakualikwa kwenye sanaa ya mtu.

Sauti nayo ni mwili. Gabrielle Goliath, msanii mwingine wa Afrika Kusini, alianza mwaka 2015 mfululizo uitwao "Elegy", wa kuwaomboleza watu waliobakwa na kuuawa, kila tukio kwa ajili ya marehemu mmoja anayetajwa kwa jina. Waimbaji saba wanawake hupanga foleni. Wa kwanza anapanda kijukwaa, anashika noti moja na kuivuta mpaka pumzi imwishie. Kabla haijakatika, wa pili anapanda na kuipokea. Hivyo hivyo kwa muda wa saa moja. Hakuna maneno, hakuna wimbo. Aliyezoea vilio vya msibani, vile vinavyopokezana kutoka mkeka hadi mkeka, hahitaji kuelezwa zaidi.

Na kuna kazi ambazo msanii haonekani kabisa, anayetenda ni wewe uliyekuja kutazama. James Webb, wa huko huko Afrika Kusini, katika "Prayer" (yaani Sala), hurekodi sala na dua za dini mbalimbali za mji mmoja. Alianzia Cape Town mwaka 2000. Spika hupangwa chini, juu ya zulia jekundu, zote zikisema kwa pamoja. Ukisimama unasikia mvumo tu, kama wa soko kwa mbali. Ukitaka kumsikia mtu mmoja anaomba nini, inabidi uvue viatu, uingie zuliani, na upige magoti.