Lugalo: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Mtajie mtu wa Dar es Salaam jina la Lugalo, atakuelekeza kambini au hospitali ya jeshi. Wengi wanadhani jina lilianzia pale. Lugalo yenyewe ni kijiji cha wakulima mkoani Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro, na kambi ilipewa jina hilo kwa heshima ya vita vya tarehe 17 Agosti 1891, kati ya Wahehe na Wajerumani.

Inasemwa pia kwamba Wahehe waliwavamia Wajerumani waliokuwa wakipita kwa amani. Hili linaniuma, kwa sababu linafuta mateso ya watu wa njiani. Kikosi cha Emil von Zelewski, afisa wa Kijerumani, kiliingia Uhehe kikichoma makazi ya watu. Huyu ndiye yule yule aliyewakasirisha watu wa Pangani mwaka 1888 hadi Abushiri akanyanyua silaha. Waswahili walimwita Nyundo, na jina lilimfaa.

Je, lilikuwa jeshi la Wazungu? Wazungu walikuwa kumi na kitu tu. Mamia ya askari wao walikuwa Waafrika, wengi kutoka Sudan na wengine kutoka upande wa Msumbiji, na nyuma yao wapagazi waliobeba mizigo ya watu wengine. Wengi wao walifia Lugalo.

Ila dhana ninayoisikia zaidi ni ile ya dawa: kwamba Mkwawa, mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, aliwapa watu wake dawa, risasi zikageuka maji. Watu wanaisimulia kwa nia njema, lakini inawanyang'anya Wahehe akili zao. Hebu itazame njia. Kikosi kinatembea mmoja nyuma ya mwingine, msitari mrefu usioona mwisho wake, vichaka na mawe pande zote mbili, mizinga ikiwa imefungwa juu ya migongo ya punda. Wahehe wamelala majanini, kimya. Walipoinuka, umbali uliobaki ulikuwa wa mkuki, na bunduki inahitaji nafasi na muda ambao Nyundo hakuupata. Masimulizi yanasema aliuawa na kijana mdogo, ambaye baadaye alizawadiwa ng'ombe watatu. Wahehe waliondoka na bunduki zipatazo 300.

Wala ushindi haukuwa wa bure. Wahehe wengi nao walikufa, na kila mmoja alikuwa na boma lililomngoja. Kuhusu uongozi, wengi humwona Mtwa Mkwawa mwenyewe akitangulia na mkuki. Anayetajwa kuongoza mapambano ni Mpangile, nduguye, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1897.

Wapo wanaodhani vita viliishia hapo. Ngome ya Kalenga iliangushwa Oktoba 1894, na Mkwawa akaendelea kupigana porini hadi alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe.

Na ukifika Lugalo ukauona mnara, usidhani ni wa Mkwawa. Waliousimamisha ni Wajerumani, kuwakumbuka Zelewski na wenzake. Ukimtafuta Mtwa, pita mjini Iringa, uendelee hadi Kalenga. Fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 limehifadhiwa huko.