Bawa, Tanga na Usukani: Dhana Potofu za Rubani Mwanafunzi

Kila ninaporudi nyumbani Mtwara kwa likizo, swali la kwanza ninaloulizwa barazani huwa ni lilelile: injini ikizimika huko juu, mnaanguka hapohapo au mnapata nafasi ya kusali? Swali hilo halinichekeshi, kwa sababu nilipoanza masomo ya urubani Dar es Salaam nilikuwa nalo mwenyewe, pamoja na mengine kadhaa ambayo sikuthubutu kuyauliza. Baadaye niligundua kwamba karibu kila dhana potofu niliyoingia nayo kwenye ndege nilikuwa nimeiokota barabarani, ndani ya gari, na kwamba ile miezi ya kurudia mazoezi yaleyale manne, yaani kuruka sawia, kupinda kona, kupanda na kushuka, kwa sehemu kubwa ilikuwa miezi ya kumtoa dereva aliyekaa ndani yangu.

Tuanze na hilo la injini. Ndege ndogo haining'inii kwenye injini yake. Inabebwa na mabawa, na bawa linachohitaji ni mwendo tu, uwe umetoka kwenye injini au kwenye mteremko. Cessna 172, ambayo wanafunzi wengi duniani hujifunzia, husonga mbele takriban futi tisa kwa kila futi moja inayoshuka, alimradi rubani ashike mwendo unaofaa, ambao kwa toleo la 172S lililobeba uzito wake wote ni noti 68, sawa na kilomita 126 kwa saa. Kwa hesabu hiyo, injini ikinyamaza ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi na hakuna upepo, una karibu dakika nne na kilomita nane za kuchagua pa kutua. Zoezi la kuondoa nguvu ya injini na kuiacha ndege iteleze ndilo tulivu kuliko yote. Unasikia upepo ukipita kwenye vioo, na pangaboi linazunguka taratibu kama feni ya dukani.

Dhana inayofuata inatokana na neno. Marubani wana hali wanayoiita stoli, na kwa kuwa mafundi wa magari nao hutumia neno hilohilo kwa gari lililozimika ghafla, watu hudhani stoli ni injini kufa. Hapana. Stoli ni bawa kupoteza mnyanyuo, yaani ile nguvu inayoibeba ndege, huku injini ikiwa nzima kabisa, wakati mwingine ikinguruma kwa nguvu zake zote. Hutokea pale pembe kati ya bawa na upepo unaolijia inapozidi kiwango fulani, kwa mabawa mengi ya ndege za mafunzo kati ya nyuzi 15 na 18 hivi. Hapo hewa iliyokuwa ikiteleza juu ya bawa kama maji juu ya jiwe laini hubanduka na kuvurugika, na mnyanyuo huporomoka.

Kitabu kilinieleza hayo yote na sikuyaelewa. Aliyenielewesha ni mzee mmoja mvuvi wa Mikindani, ambaye sisi sote pale ufukweni tunamwita Babu, nilipomkuta anashona tanga chini ya mkungu. Nilimchorea bawa mchangani, nikamwonyesha upepo unakotoka na pembe inapozidi. Aliutazama mchoro ule kwa muda, akasema, "Mjukuu wangu, hili ni tanga lililokazwa mno." Kisha akanieleza kwamba kijana anayejifunza chombo, akiona ngalawa inapungua mwendo, hukimbilia kuivuta demani, ile kamba ya kukazia tanga, na kila anapoivuta tanga linazidi kuukingama upepo na chombo kinazidi kulala. Dawa yake ni kulegeza. Nilikaa kimya, maana siku tatu kabla ya safari ile nilikuwa nimefanya kosa hilohilo angani: pua ya ndege iliinama, nami kwa hofu nikauvuta usukani kifuani, na ndege ikaendelea kutikisika na kushuka mpaka mwalimu akaupeleka mbele kwa vidole viwili.

Hapa ndipo palipo na kiini cha zoezi lenyewe, na ndipo dhana ya barabarani inapodhuru zaidi. Mwanafunzi anaamini stoli ni jambo la mwendo mdogo na pua iliyoelekea juu, kama lori linaloshindwa mlima, kwa hiyo akiona pua iko chini na mwendo upo anajiona salama. Lakini bawa halijui pua inatazama wapi wala saa ya mwendo inasema nini. Linajua pembe yake na upepo tu. Ndege inaweza kuingia kwenye stoli ikiwa na mwendo wowote na imeelekea upande wowote, hata chini, mradi mtu ameuvuta usukani vya kutosha. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kujinasua ni kupunguza pembe, yaani kuulegeza usukani kuelekea mbele, na nguvu ya injini hufuata. Mkono wa binadamu hautaki kabisa kusukuma mbele wakati dunia inamjia usoni, na hakuna maelezo yanayoweza kuubadilisha. Unabadilishwa na kurudia, kwenye kimo cha kutosha. Viwango vya mtihani wa leseni binafsi nchini Marekani vinataka ndege ya injini moja iwe imemaliza kujinasua ikiwa haijashuka chini ya futi 1,500 juu ya ardhi, na walimu wengi huanza mbali zaidi ya hapo.

Kwenye Cessna 172, kabla ya stoli kuna honi, na watu hudhani ni kengele ya umeme. Ni zumari. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto kuna kitundu; pembe inapokaribia kuzidi, hewa hufyonzwa kupitia kitundu kile na kuupuliza ulimi mdogo ulio ndani, nao hulia kuanzia noti tano hadi kumi kabla ya stoli yenyewe. Wapo wanaokikagua asubuhi kwa kuweka kitambaa safi pale na kufyonza kwa mdomo, na ukisikia zumari lile likilia ndege ikiwa imesimama, umeme wote umezimwa, unaelewa mara moja kwamba linategemea hewa peke yake.

Kuhusu kona, dereva hudai kwamba usukani ndio unaopindisha, na akishaonyeshwa pedali zinazozungusha usukani wa mkia huhamishia imani yake huko. Ndege hupindishwa na mabawa yaliyoinama: sehemu ya mnyanyuo wao huivuta kando. Mwendesha bodaboda, anayelala na pikipiki yake kwenye kona, yu karibu na ukweli kuliko dereva wa lori. Pedali kazi yake ni kunyoosha uchafu unaozalishwa na kuinama kwenyewe, kwa kuwa unapoinamia kushoto bawa la kulia hubeba zaidi na papo hapo hukokota zaidi, kwa hiyo pua huvutwa kulia, kinyume na unakotaka kwenda. Mbele ya rubani kuna kimpira ndani ya kioo kilichopinda. Kikikimbilia upande mmoja, unakanyaga pedali ya upande huo mpaka kirudi katikati.

Kona kali ina bei yake, ambayo haionekani kwa macho. Ukiinama nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito maradufu, na mtu wa kilo 70 hujisikia kama amebebeshwa mwenzake wa kilo 70. Mwendo wa stoli nao hupanda kwa karibu asilimia 41, hivyo ndege ambayo kwa kawaida huingia kwenye stoli kwa noti 48 sasa itaingia kwa noti 68. Kwa nyuzi 45 nyongeza ni asilimia 19 tu. Katika mtihani ule wa Marekani, kona ya nyuzi 45 inaruhusu kupotea kwa kimo kusikozidi futi 100. Kona yangu ya kwanza ya namna hiyo, baharini mbele ya Msimbati tulipokuja Mtwara kwa safari ya mazoezi, ilinipotezea futi 300, kwa sababu nilikuwa nimeikodolea macho saa ya kimo. Hiyo nayo ni dhana: kwamba rubani husoma saa muda wote. Katika mazoezi haya macho yanatakiwa yawe nje, kwenye upeo wa macho, na saa zinachunguliwa kwa haraka ili kuthibitisha kile ambacho upeo umeshakwambia. Mbele ya Msimbati, bahari inapokutana na anga kwa mstari mmoja mrefu usiokatwa na kitu, nilikosa kisingizio.

Kwamba kuvuta usukani ndiko kunakopandisha ndege ni kweli kwa sekunde chache za kwanza. Baada ya hapo kinachopandisha ni nguvu ya ziada ya injini, na ikiwa haipo, unalipa kwa mwendo mpaka umalizike. Kwenye mwendo mdogo sana mambo hugeuka kabisa: kadiri unavyovuta ndivyo mabawa yanavyozidi kukokota, na ndege inashuka kwa kasi zaidi. Wenye kuushika usukani kwa ngumi nao wanajidanganya, maana kuna kigurudumu cha trimu kinachoondoa uzito mkononi, na usukani uliowekwa sawa hushikwa kama kikombe cha kahawa.

Imebaki ya upepo, ambayo nimeisikia hata kwa marubani wenye saa nyingi. Wanasema ukigeuka na kuupa upepo mgongo, ndege hupoteza mwendo ghafla na inaweza kudondoka. Ndege iliyo ndani ya upepo usiobadilika ni kama mtumbwi ulio ndani ya mkondo wa Ruvuma: mto unausogeza mtumbwi pamoja na maji yake, na mpiga kasia haongezewi wala hapunguziwi chochote akigeuza omo. Kusi likivuma kwa noti 20, ndege ya noti 90 itapita juu ya ardhi kwa noti 70 ikilielekea na kwa noti 110 ikilipa mgongo, lakini bawa katika hali zote mbili linaonja noti 90 zilezile. Kinachobadilika ni mchoro wako juu ya ardhi. Ukizunguka mbuyu mmoja na kutaka duara lililo sawa, lazima uiname zaidi unapokwenda na upepo na upunguze unapoupinga. Ni jicho linalodanganyika, kwa sababu karibu na ardhi linaona mashamba yakipita mbio na kuuambia mkono kwamba mwendo umezidi.

Dhana hizi zote hukutana mahali pamoja, kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua. Njia ya kurukia ya Mtwara imelala karibu kaskazini na kusini. Ukija kutua kuelekea kusini kwa mzunguko wa kushoto, kona hiyo unaifikia ukielekea magharibi, na alasiri matlai kutoka baharini inakusukuma mgongoni, kwa hiyo unaupita mstari wa njia kabla hujamaliza kugeuka. Jicho linaona ardhi inakimbia, mkono unapunguza mwendo. Mguu unakanyaga pedali ya kushoto ili pua ipinde haraka, kama gari. Bawa la kushoto linazidi kuinama, mkono unalizuia kwa kugeuzia usukani kulia, pua inaanza kushuka, nao unavuta. Kimpira kimekimbilia kulia kabisa, na hakuna anayekitazama. Hapo bawa la kushoto ndilo linaloingia kwenye stoli kwanza, na ndege hujipindua kuelekea upande huo kwenye kimo kinachoweza kuwa chini ya futi 500, ambako kwa kawaida hakuna nafasi ya kujinasua. Mwanafunzi aliyeupita mstari anatakiwa asiongeze mwinamo wala pedali. Anyooshe mabawa, aongeze nguvu yote ya injini, apande na kuzunguka upya, na katika mzunguko wa pili aianze kona mapema zaidi.