Apatimenti ya mji wa kale: kabla hujalipia, angalia kuta

Kazi yangu ni kukarabati nyumba kongwe zinazogeuzwa apatimenti za wageni wa muda mfupi, na ninachokiona ni kwamba watu wanachagua kwa kitanda. Mtu anaona shuka nyeupe, boriti za dari zimeachwa wazi, dirisha linatazama kichochoro, basi kalipia. Sasa kitanda si kinanunuliwa tu dukani? Mimi naangalia ukuta.

Kuta za mawe za zamani zilijengwa kwa chokaa na mara nyingi unene wake ni nusu mita au zaidi. Chokaa inapitisha unyevu, yaani yale maji yanayopanda kutoka ardhini yanatokea kwenye plasta yanakauka zake, hakuna anayejua. Halafu anakuja mwenye haraka ya kupangisha, anapiga plasta ya simenti na juu yake rangi ya plastiki, unyevu unakosa pa kutokea, unabaki humo humo, baada ya muda rangi inavimba, chumvi nyeupe inachomoza kule chini na chumba kinaanza kunuka uvundo. Dawa ya wengi ni kupaka rangi nyingine na kuweka kimanukato kwenye kona! Ndo maana nikiona kwenye picha mbao zimepigwa mpaka usawa wa kiuno kwenye ukuta mmoja tu wa nje, tena chumba cha chini, nashtuka kidogo. Sio lazima wawe wanaficha kitu, ila nenda kwenye maoni ya wageni wa miezi ya mvua na baridi usome wanasemaje, ya kiangazi hayatakusaidia.

Harufu ya bafuni ni kesi nyingine kabisa na wala isikutishe. Chini ya sinki na shawa kuna bomba limepinda, pale kwenye mpindo maji yanakaa yanazuia hewa ya mfereji wa maji taka isipande. Apatimenti ikikaa wiki kadhaa bila mtu maji yale yanakauka. Mwaga maji kila tundu, fungua dirisha, imeisha.

Waifai nayo wageni wanalaumu kampuni ya intaneti wakati mkosaji ni yule yule ukuta mnene. Ukiwa chumbani na ruta iko sebuleni jaribu mtandao wa 2.4 GHz badala ya 5 GHz, spidi yake ni ndogo ila unapenya vizuri zaidi.

Kelele ndo wengi hawazielewi. Sakafu ya mbao juu ya boriti inabeba mtikisiko, jirani wa juu akitembea na viatu wewe unasikia kila hatua, na dirisha la vioo viwili halisaidii kitu hapo maana sauti inapita kwenye jengo lenyewe. Dirisha hilo linasaidia za nje, na za nje zipo, kichochoro chembamba chenye kuta ngumu pande mbili kinarudisha sauti kinaipandisha juu kwa hiyo usidhani ghorofa ya tatu umezikimbia stori za watu wa baa. Omba chumba kinachotazama ua wa ndani. Mandhari utayakosa, usingizi utaupata.

Lifti mara nyingi haipo, ngazi nyingine zinazunguka na sanduku kubwa halikati kona. Na hesabu za ghorofa zinachanganya, Ulaya kwa kawaida ghorofa ya kwanza ni ile unayopanda ngazi kuifikia, Marekani ya kwanza ndo ya chini kabisa. Uliza ngazi ni ngapi, usiulize ghorofa.

Mwisho kuna kibali cha kupangisha wageni, na siku hizi hili linaweza kukuvurugia safari kuliko ukuta. Paris inataka tangazo liwe na namba ya usajili, na tangu 2025 mtu anayepangisha makazi yake mwenyewe mwisho ni usiku 90 kwa mwaka, zamani zilikuwa 120. Barcelona ilitangaza 2024 kwamba leseni za apatimenti za watalii, zaidi ya 10,000, hazitahuishwa zikifika kikomo Novemba 2028. Kwa hiyo miji kama hiyo, tangazo lisilo na namba mimi hata picha sifungui.