Asidi ndani ya seli, na tando zinazoizuia

Seli ya binadamu haina kipimo kimoja cha asidi. Uteute unaoijaza, yaani saitoplazimu, una pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi huzidi) ya karibu 7.2, ambayo kwa kweli si asidi ya kutajika. Lakini ndani ya uteute huohuo mna vifuko vidogo viitwavyo laisosomu, na humo pH ni kati ya 4.5 na 5. Mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zimekwenda upande wa pili: sehemu yake ya ndani kabisa hukaribia 8.

Tofauti hizo zisikudanganye kwa udogo. pH ikishuka kwa moja tu, asidi imeongezeka mara kumi. Maana yake ni kwamba ndani ya laisosomu kuna asidi mara mia kadhaa kuliko nje yake, na kinachotenganisha pande hizo mbili ni utando wenye unene wa nanomita chache tu.

Asidi tunayoizungumzia hapa ni protoni, yaani ioni za haidrojeni zinazozunguka ndani ya maji. Seli huzijali sana kwa sababu ya protini. Umbo la protini hutegemea chaji za umeme zilizotapakaa juu yake, na protoni zikizidi hujibandika na kuzibadili chaji hizo. Kamulia ndimu kwenye maziwa uone: protini zilizokuwa zikisukumana hupoteza chaji, zikagandana, maziwa yakakatika. Ndani ya seli mambo hayahitaji kufika huko. Kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia, kikibadilika umbo kidogo tu, hakishiki tena kitu kilichoumbiwa kukishika, na kazi inasimama.

Laisosomu imeugeuza udhaifu huo kuwa kinga. Imebeba vimeng'enya zaidi ya hamsini vya kukatakata protini, mafuta, sukari na hata DNA, na karibu vyote hufanya kazi vizuri penye asidi pekee. Protoni husukumwa kuingia ndani na pampu zilizopachikwa kwenye utando, zinazotumia saa zote nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ndani ya seli. Kifuko kimoja kikivuja, vimeng'enya hujikuta kwenye pH 7.2 na vingi hupoteza makali. Vifuko vingi vikipasuka kwa pamoja, seli inaweza kufa.

Mwanasayansi Mbelgiji Christian de Duve aliigundua laisosomu akiwa anatafuta kitu kingine kabisa. Alikuwa akichunguza ini la panya kwa ajili ya utafiti wa insulini, na kimeng'enya kimoja alichokuwa akikipima kilionekana kuwa hafifu mno kwenye sampuli mbichi. Sampuli zilipokaa siku chache kwenye jokofu, nguvu yake ikapanda. Wengine wangezimwaga na kuanza upya. Yeye aliona kwamba kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya kitu chenye utando, na utando huo ulikuwa umeanza kuchakaa. Laisosomu zikapata jina mwaka 1955, naye akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1974.

Ndiyo maana matangazo ya maji ya alikali, yale yenye pH ya juu yanayodaiwa kupunguza asidi mwilini, yananichekesha. Maji hayo hukutana kwanza na asidi kali ya tumbo, na pH ya damu hulindwa na mapafu na figo isitoke kati ya 7.35 na 7.45. Ikitoka hapo ujue ni ugonjwa, na si chupa ya maji itakayoutibu.

Dawa inayofika kweli kwenye asidi ya seli ni klorokwini, vile vidonge vichungu vilivyowawasha watu mwili mzima. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula himoglobini, protini inayobeba oksijeni, na huimeng'enya katika kifuko chake chenye asidi. Mabaki yake, hemu, ni sumu kwa kimelea chenyewe, hivyo kimelea huigandisha kuwa fuwele zisizodhuru. Klorokwini hupenya utando ikiwa haina chaji. Ikifika ndani hudaka protoni, hupata chaji, na hapo haiwezi tena kupenya kurudi nje. Hulundikana, huzuia fuwele zisijengeke, na kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake.

Usugu ulitokea palepale, kwenye utando. Kimelea kilibadili protini moja ya utando wa kifuko hicho, ikawa inaitoa klorokwini nje kabla haijalundikana. Kenya iliiacha dawa hiyo kama tiba ya kwanza mwaka 1998, na Tanzania Bara mwaka 2001. Malawi ilikuwa imetangulia mwaka 1993, na miaka michache baadaye vimelea vinavyouawa na klorokwini vikaonekana huko tena kwa wingi, kwa kuwa protini iliyobadilika ina gharama yake: pasipo dawa, kimelea chenye ile ya zamani hustawi zaidi.