Magoti yanauma? Anzisheni grupu la kutembea mtaani, ila msianze na mgeni rasmi

Ukiwa na miaka hamsini na kitu halafu magoti yanauma, mtaani utaambiwa jambo moja tu, ute umeisha. Jirani atakwambia ule bamia, shemeji ataleta supu ya kongoro, kuna mtu wa WhatsApp atakuuzia makopo ya lishe kwa hela ya kodi ya nyumba, na wote kwa pamoja watakusisitiza usitembeetembee utayamaliza magoti kabisa. Sisi wa fiziotherapia tunakuja kukutana na huyo mtu baadae, paja limekonda, uzito umepanda, na kuinuka chooni mpaka ashike ukuta. Bamia na kongoro sina ugomvi nazo, kula tu. Ishu ni hilo la kukaa.

Ndani ya goti ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, na gegedu haina mishipa ya damu, chakula chake inakipata kwenye huohuo ute unaosemwa, na inakipata pale inapominywa na kuachiwa kama sponji la kuoshea vyombo, ukikanyaga inaminywa ukinyanyua mguu inavuta. Sasa mtu aliyekaa kwenye kochi miezi sita hilo goti linakula saa ngapi? Alafu misuli ya paja ndo inayolipunguzia goti mshtuko na misuli isipotumika inayeyuka haraka sana, haswa kwa mtu mzima. Uzito nao usiuchukulie poa, kuna utafiti wa Marekani wa 2005 kwa wazee wenye magoti yaliyosagika walikuta kila kilo moja unayopunguza inaondoa kama kilo nne za mzigo kwenye goti kwa kila hatua. Piga hesabu ya hatua za kwenda sokoni na kurudi.

Sisemi kutembea kunarudisha gegedu iliyolika, hapana, hakuna dawa wala zoezi lililothibitika kufanya hivyo. Kinachopungua ni maumivu na kule kukakamaa kwa viungo asubuhi, na mtu anarudi kufanya shughuli zake. Na tusidhani ni tatizo la wachache, makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ni watu milioni 528 wenye huu ugonjwa wa kusagika viungo, wengi ni wanawake na wengi wamevuka miaka 55.

Sasa kwanini grupu, si mtu atembee tu mwenyewe? Anaweza, kabisa. Marekani kuna programu inaitwa Walk With Ease ya Arthritis Foundation, taasisi ya magonjwa ya viungo, wiki 6, mara 3 kwa wiki, mnaanza na dakika kama 10 mnapanda taratibu mpaka 30, na watu wa Chuo Kikuu cha North Carolina waliifuatilia kwa washiriki zaidi ya 400 wakakuta waliotembea kwenye grupu na waliotembea wenyewe kwa kufuata kitabu wote walipata nafuu ya maumivu na uchovu. Lakini huku kwetu nimeona mwanamke wa miaka sitini akitoka peke yake na raba jioni mtaa mzima unamuuliza kulikoni, wakiwa wanane hakuna anayeuliza, wiki ya pili na wanaouliza wanajiunga. Usalama pia, na kuna yule mwenzako anayepiga simu "mama Rehema leo hatujakuona".

Mazoezi ya pamoja sio kitu kigeni kwetu. Desemba 2016 Mama Samia akiwa Makamu wa Rais alihimiza mazoezi nchi nzima ikawekwa Jumamosi ya pili ya kila mwezi, Kigali wana siku yao ya kufunga barabara kwa magari tangu mwaka huohuo, na joging klabu Dar zimejaa kila kona. Vizuri sana, ila kwa mwenye magoti mabovu mara moja kwa mwezi haitoshi, na joging klabu kwa kweli imepangwa kwa ajili ya mwenye mbio. Wanaimba wanatoka nduki, mama wa watu anabaki nyuma mita mia tatu na aibu yake, Jumamosi inayofuata haji na hasemi kwanini haji.

Kwahiyo grupu la watu wa viungo linapangwa kwa kumuangalia yule wa mwisho. Mkimuweza yeye mmewaweza wote.

Na hapa ndo uzinduzi unaponitia wasiwasi. Utaratibu tunaujua, tisheti, spika, mgeni rasmi anachelewa lisaa na nusu watu wamesimama juani (kusimama muda mrefu nako kunaumiza goti lililosagika), alafu matembezi ya kilomita tano kwa watu ambao wiki iliyopita walikuwa hawafiki dukani. Kesho yake magoti yamevimba na mmeshapoteza nusu ya watu, tena wanaenda kusimulia kwamba mazoezi yaliwaumiza. Anzeni na watu nane kumi kimyakimya, dakika kumi tu. Tisheti za nini saizi, mkifika wiki ya sita wenyewe wapo ndo mchangishane.

Sehemu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Msitembee kwa kwenda mbele na kurudi, tembeeni kwa kuzunguka, uwanja wa shule ya msingi unafaa sana, ongeeni na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa awe na taarifa. Uwanja wa mpira wa kawaida ukiuzunguka pembeni ni kama mita 350, mwenye nguvu atapiga raundi tano wakati bibi anapiga mbili, lakini wote wametembea dakika zilezile na wanapishana wanasalimiana, na goti likigoma haupo mbali na benchi wala bajaji. Mnahesabu dakika, sio raundi. Ufukweni panatamanisha ila mchanga laini unalichosha goti na ule mgumu unaobaki maji yakishatoka una mteremko, mguu mmoja unakuwa juu mmoja chini. Choo kiwepo karibu, wamama watu wazima wengi wanaacha kuja sababu ya choo na hawatakwambia.

Kiongozi asiwe mwenye mbio kuliko wote. Nawapendelea walimu wastaafu na wamama wa vikoba, wana daftari na wana subira. Mmoja atangulie mwingine awe mkia, na yule wa mkia haruhusiwi kumpita mtu hata kama kuna story nzuri mbele. Mwendo sahihi ni ule unaoweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, ukiweza kuimba ongeza kidogo. Kuhusu maumivu tunatumia kanuni ya masaa mawili, maumivu kidogo wakati wa kutembea yanavumilika, ila kama masaa mawili baada ya kumaliza goti linauma kuliko kabla hujaanza basi ulizidisha, kesho kutwa punguza dakika ila njoo. Fimbo ishikwe mkono wa upande wa pili wa mguu unaouma, karibu kila mtu anaishika upande uleule wa mguu mbovu. Viatu ni raba au kiatu chochote kilichofungwa chenye soli laini, ndala hapana, na wenye sukari wakague nyayo kabla na baada maana wengine hawahisi hata msumari.

Muda sasa. Dar wengi wanataka saa kumi na mbili asubuhi kukwepa jua, inafaa kwa waliosagika magoti, wao kukakamaa kwa asubuhi mara nyingi ndani ya nusu saa kumeisha. Ila wenye baridi yabisi ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo wanaweza kukakamaa lisaa na zaidi, ukiwaita alfajiri unawatesa, wawekeeni saa kumi na moja jioni.

Kabla ya kuanza kila mtu apite kituo cha afya, presha ipimwe, sukari ipimwe. Kijana mwenye selimundu anayeumwa nyonga asianze mpaka apigwe picha, kwa wagonjwa wale kichwa cha mfupa wa paja huwa kinaweza kufa kwa kukosa damu. Mwenye gauti iliyolipuka apumzike mpaka itulie. Na jointi ikivimba ghafla, imekuwa nyekundu ya moto na una homa, hiyo sio ya grupu wala ya kuchua, ni hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana, hivyohivyo. Wale wanaomeza diklofenaki (dawa ya maumivu) kila siku kama pipi ili waweze kuja mazoezini waonane na daktari, zinaharibu figo na tumbo na zinapandisha presha.

Kujua kama inasaidia hamhitaji mashine. Kaa kwenye kiti cha mbao, kunja mikono kifuani, simama na ukae kwa sekunde 30, mwenye simu ahesabu. Andikeni kwenye daftari wiki ya kwanza na wiki ya sita. Asiyeweza hata mara moja bila kushika andika sifuri, sio vibaya, ndo pa kuanzia.

Masika yakiingia uwanja unakuwa tope na hapo ndo magrupu mengi yanakufa, ombeni ukumbi wa kanisa au korido ya shule mzunguke humohumo, au kila mtu afanye hilo zoezi la kiti nyumbani na kutuma idadi yake kwenye grupu la WhatsApp. Ramadhani wanaofunga wengi wetu huwa tunawahamishia usiku baada ya tarawehe, dakika ishirini, sehemu yenye taa.